Vijana wa Tukuyu waende wapi: Dar, Arusha au wasubiri michezo ya shule?

Wadau, huko nyumbani Tukuyu kuna ubishi, na safari hii si wa uchaguzi wala wa bei ya ndizi. Kuna timu ya soka ya watoto wa chini ya miaka 15 inayofanya mazoezi jioni pale mjini. Kamati yake imehangaika mpaka ikapata ahadi za michango, lakini hesabu ikipigwa zinatosha safari moja tu kwa mwaka. Moja! Sasa swali ni hili: safari hiyo iwe ya kwenda mashindano gani ya kitaifa?

Kuna kambi tatu. Ya kwanza ni ya walimu, wanaosema hakuna haja ya kuchangisha watu, watoto wapitie UMITASHUMTA na UMISSETA kama sisi sote tulivyopitia. Ya pili inataka Dar es Salaam, kwenye mashindano fulani ya watu binafsi ya mwezi Juni (jina naliweka kapuni), kwa sababu huko ndiko waliko wenye klabu na mawakala. Ya tatu, ambayo ni ndogo kuliko zote, inasema Arusha mwezi Desemba, kwenye Chipukizi Cup, ambako hukutana vituo vya soka vya vijana vya hapa nchini na vya nchi jirani.

Mimi nimeingizwa humo kwa kosa la kusoma chuo na kuandika gazetini. Wazee wa kamati wamenikabidhi kazi ya kuandika barua ya kuomba ufadhili. "Wewe msomi, utajua kuipanga." Sawa wazee wangu, barua nitaiandika. Lakini ya kwenda wapi? Kabla sijashika kalamu naomba niseme ninavyoona, halafu mnihukumu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema nimewazungusha: waende Arusha. Na sababu yangu si ukubwa wa kombe. Nimejiuliza maswali matatu kuhusu kila mashindano. Watoto wetu wangapi watacheza? Watacheza mechi ngapi? Na nani atabaki nyumbani? Nadhani mashindano ya watoto yapimwe kwa maswali hayo, siyo kwa idadi ya kamera zilizopo uwanjani.

Nianze na michezo ya shule, maana hiyo naiheshimu na sitaki mwalimu yeyote wa Rungwe adhani namdharau. UMITASHUMTA ni ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari. Mtoto anaanzia shuleni kwake, anapanda kata, anapanda wilaya, anapanda mkoa, mpaka taifa. Fainali za taifa zimetembea nchi hii: Mwanza 2018, Mtwara 2021, Tabora 2022, Iringa 2025. Humo kuna soka, netiboli, riadha, wavu, mikono, na kuna michezo ya wanafunzi wenye ulemavu. Wasichana wamo kwa haki yao, siyo kwa hisani ya mtu. Ni nani mwingine anaweza kukusanya watoto wa mikoa yote namna hiyo? Hakuna. Na wakubwa watakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa mashuleni, eti inawapotezea watoto masomo, na kelele zilizopigwa zilikuwa za haki kabisa. Hatutaki kurudi huko.

Ila hebu tutazame kinachotokea kwa timu. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA haendi timu, anaenda mchezaji. Ngazi ya wilaya wanachagua kombaini, mkoa nao wanachagua kombaini kutoka kwenye kombaini. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba: Jiji la Mbeya, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya. Chukua kikosi cha watoto 18 ukigawe kwa haki kwa halmashauri saba. Kila halmashauri haipati hata watoto watatu! Na wote tunajua mgao wenyewe hauwi sawasawa, mjini huchukua zaidi.

Halafu kuna jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Timu yetu ni ya mtaani. Baadhi yao wako darasa la sita na la saba, wengine kidato cha kwanza na cha pili, na wamo ambao hawako shuleni kabisa. Ukisema "wapitie shule" umeigawa timu mafungu matatu. Fungu moja linakwenda UMITASHUMTA, fungu la pili UMISSETA, na fungu la tatu linakaa kando ya uwanja kuangalia. Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne, na hilo limewasaidia wengi. Lakini tusidanganyane, wapo watoto pale Tukuyu wanaoshinda wakifyatua matofali au kuuza karanga stendi. Kwao timu ya jioni ndiyo sehemu pekee ambapo mtu mzima anawauliza jana ulikuwa wapi. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia asubiri michezo ya shule, umemwambia asisubiri kitu.

Majirani zetu wanafanya vingine. Kenya, kwenye michezo ya sekondari, shule inakwenda kama shule. Ukishinda kaunti unapanda kanda, ukishinda kanda unakwenda taifa, ukiwa na wachezaji wako wale wale, kocha wako yule yule na jezi yako ile ile. Ndiyo maana hata sisi huku tunayajua majina ya St. Anthony's ya Kitale na Kakamega. Shule hizo zikifika michezo ya shule za Afrika Mashariki, kama ile iliyofanyika Arusha 2019 na 2022, zinakuja na timu zilizocheza pamoja miaka. Japani nako, kwenye besiboli ya sekondari, fainali zile za kiangazi za Koshien hukutanisha shule 49, na kila moja imefika kwa kushinda mkoa wake. Kijiji kizima kinasimama kwa ajili ya shule yake. Wajapani waliotusaidia kuanzisha besiboli hapa kwetu walileta mpaka jina: uwanja wa besiboli uliofunguliwa pale sekondari ya Azania, Dar es Salaam, Desemba 2018, unaitwa Koshien.

Sisemi tufute kombaini. Nasema kombaini inamfaa mtoto aliyekwishaiva. Mtoto wa miaka 13 anajifunza mpira kwa kucheza na wenzake anaowajua, akishindwa pamoja nao na kurudi mazoezini pamoja nao. Halafu safari ya shule haipingani na safari ya timu. Mtoto wa shule ataitwa na shule yake mwezi Juni, aende kwa baraka zote. Michango ya wazazi ndiyo tunayoitafutia pa kwenda.

Sasa Dar es Salaam. Najua kambi hii ndiyo yenye kelele, na najua kwa nini. Mzazi wa Tukuyu ameona kijana wa fulani akisajiliwa, akajenga nyumba ya bati kwa mama yake. Ni ndoto halali. Lakini someni masharti. Waandaaji hawataki timu yetu. Wanataka tuwape wanne au watano walio bora, wachanganywe na wa Mbeya mjini iundwe timu moja. Nauli tuchange sisi, chakula tuchange sisi, na mtoto akipendwa mazungumzo yanafanyika hukohuko. Wale kumi na tatu waliobaki? "Mwaka kesho." Ndugu zangu, hapo kwanza mnachangia duka la mtu mwingine.

Na hili la kupelekwa Dar kwa mafungu siyo geni kwetu. Copa Coca-Cola ilianza hapa nchini 2007, Airtel Rising Stars ikaanza 2011, yote ya chini ya miaka 17, na yalifanya kazi nzuri. Lakini kumbukeni mpangilio wa kisoka wa wakati ule: Dar es Salaam ilihesabiwa mikoa mitatu, yaani Ilala, Temeke na Kinondoni. Mbeya, ambayo wakati huo ilikuwa bado imebeba na Songwe yote (Songwe ilijitenga 2016), ilihesabiwa mmoja. Mtoto wa Tunduma, wa Kyela, wa Chunya na wa Tukuyu wanagombania nafasi zilezile, wakati wa Dar wana timu tatu. Halafu mdhamini akibadilisha mawazo, mashindano yanapungua au yanapotea, na wewe uliyejenga matumaini yako juu ya nembo ya kampuni unabaki na fulana.

Wana-Tukuyu zaidi ya wote tulipaswa kuwa na kumbukumbu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, ilipanda daraja na msimu uleule ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji mdogo wa mvua na migomba iliwakalisha Simba na Yanga! Baba zetu mpaka leo wakisimulia macho yanang'aa. Kisha nini kilitokea? Nyota wakatawanyika kwenda klabu kubwa, na hakukuwa na watoto waliokuwa wanaandaliwa nyuma yao. Leo Stars haipo Ligi Kuu, na kijana wa Rungwe akitaka kuona mechi ya Ligi Kuu anapanda Coaster mpaka Sokoine, Mbeya, kilomita kama 70. Kuuza wachezaji si dhambi. Lakini anayeuza ng'ombe wote wa maziwa asishangae ndama wakikosa.

Kuna jambo la umri pia. Mashindano ambayo kila mtu anakimbilia kuonwa na mawakala ndiyo hayo hayo yanayojaa vijeba. Mtoto wetu wa miaka 14 anakabwa na mtu mwenye ndevu za kunyoa kila asubuhi, halafu tunasema "hana mwili". Taifa zima lilishapata aibu hii: Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kwa sababu ya umri wa mchezaji, baada ya jasho lote la kufuzu. Tulisubiri mpaka 2017, Gabon, kuiona bendera yetu kwenye fainali hizo. Kwa hiyo popote tutakapokwenda, kwanza tuulize: vyeti vya kuzaliwa vinakaguliwa? Sisi wa Mbeya hatuna kisingizio. Mwaka 2013 mkoa wetu ulikuwa wa kwanza kwenye mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo. Wengi wa watoto wa timu hii walikuwa wanabebwa mgongoni wakati huo. Mama nenda kafungue sanduku, cheti kimo.

Basi Arusha. Nimesema tangu mwanzo ndiko ninakotaka, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, inakwenda timu nzima. Watoto 18, walimu wawili, na mama mlezi mmoja, jumla watu 21. Mashindano ya makundi ya timu nne yanakupa mechi tatu za uhakika hata ukifungwa zote. Kocha akiweka sheria kwamba kila mtoto aanze walau mechi moja, basi wote 18 watarudi Tukuyu wamecheza, akiwemo yule wa matofali.

Pili, ni Desemba. Mitihani imekwisha na shule zimefungwa, hakuna mwalimu atakayetoa mtu darasani. Dar ya Juni inagongana uso kwa uso na michezo ya shule. Mtoto bora wa sekondari angelazimika kuchagua kati ya mkoa wake na hao mabwana wa mawakala. Kwa nini tumtie mtoto kwenye kona hiyo?

Tatu, wapinzani. Kukutana na kituo cha soka cha Arusha au cha Kenya chenye watoto waliofundishwa kupiga pasi tangu wakiwa na miaka minane ni shule ya peke yake. Huenda tukafungwa sana. Sawa! Afadhali tujue tuko wapi tukiwa na miaka 14 kuliko kujua tukiwa na 20.

Najua majibu yenu, naomba niyapitie.

"Arusha mbali." Kweli, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa kupitia Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati. Lakini Dar nayo ni kama 900. Tofauti hiyo haitoshi kubadilisha uamuzi. Kinachobadilika ni kwamba Dar tungepeleka watoto wanne na Arusha 18, kwa hiyo nauli ni nyingi, hilo sikatai: tiketi 21 za kwenda na 21 za kurudi, jumla 42. Na nasisitiza wasisafiri usiku. Najua mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena 2023, lakini hawa ni watoto wa watu. Waondoke alfajiri, walale Dodoma kwenye bweni la shule kwa kuomba mapema, wamalizie kesho yake. Ndipo barua yangu itakapofanya kazi: kuomba bweni ni rahisi kuliko kuomba fedha.

"Desemba wazazi hawana hela, Januari ni sare na madaftari." Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na anayelipuuza hajawahi kulea. Dawa yake ni kutochangisha Desemba. Rungwe ndizi hukatwa mwaka mzima. Mzazi akitoa mkungu mmoja kila mwezi kuanzia Februari, ukauzwa pamoja na ya wenzake kwa lori linaloshuka Dar, mpaka Novemba ametoa mikungu kumi bila kuusikia uzito wake. Daftari la mauzo lishikwe na akina mama, na lisomwe hadharani kila mwezi. Michango ya mpira huku kwetu huwa inafia kwenye mfuko wa mtu mmoja, tusijifanye hatujui.

"Arusha hakuna wa kuwaona." Hata kama ni kweli, mtoto wa chini ya miaka 15 hahitaji wakala, anahitaji kocha. Akikua vizuri wataonana naye tu.

"Na wasichana?" Hapa ndipo kamati imenyamaza, na mimi siwezi kunyamaza. Timu iliyofika mbali kuliko zote kwenye Kombe la Dunia katika historia ya soka yetu ni ya wasichana. Serengeti Girls, India, Oktoba 2022, chini ya miaka 17. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Halafu Tukuyu tunachangisha safari ya wavulana peke yao? Kabla ya kulipa ada ya ushiriki, kamati iwaulize waandaaji kama kuna kundi la wasichana. Likiwepo, mwaka wa kwanza waende wavulana na mwaka wa pili waende wasichana, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao leo, siyo kuahidiwa kwa mdomo. Mama wanaotoa mikungu wana mabinti pia.

Kwa hiyo wazee wangu wa kamati, barua nitaiandika kwa masharti manne. Iwe ya Arusha, ya timu nzima. Vyeti vya kuzaliwa viambatanishwe vyote, na asiye na umri aachwe hata kama ndiye mfungaji wetu. Walio nje ya shule wahesabiwe sawa na wenzao. Na zamu ya wasichana iandikwe. Mkikubali, nipeni majina na wiki hiyohiyo barua itakuwa mezani kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa viwanda vya chai na kwa wana-Rungwe walioko mijini, ambao kila msiba wanachanga lakini mpira wa watoto hawajawahi kuombwa vizuri.

Mkiamua Dar na wale wanne, pia ni haki yenu, kamati ni yenu. Ila mtafuteni msomi mwingine wa kuwaandikia, na mtakapowasomea watoto majina ya wanaokwenda, naomba muwasomee na ya wanaobaki.

Naomba kutoa hoja.